Barua ya wazi kwa wenye funguo za kumbi: mkituita na igizo la uzee, pimeni mlango kwanza

Waheshimiwa wakurugenzi wa kumbi, maafisa utamaduni, na wakuu wa makao na vituo vya wazee,

Maombi yenu huwa mafupi. Mnataka igizo la mtu mmoja kuhusu kuzeeka na kujitegemea, lije, lionyeshwe, liondoke siku hiyohiyo. Chini yake hufuata sentensi tunayoijua kwa moyo: "Kwa kuwa ni mtu mmoja na kiti kimoja, maandalizi hayatakuwa makubwa." Sisi ni waigizaji, mafundi wa taa na sauti, na waratibu wa ziara za maonyesho ya namna hii. Tunawaandikia kwa sababu igizo la aina hii likiharibika, kwa kawaida huharibikia mahali ambapo mwigizaji hana amri napo: kwenye ngazi, chooni, kwenye fomu ya tiketi, kwenye saa ya kuanza. Huko mwenye amri ni nyinyi.

Kwanza tuelewane kuhusu huyo "mtu mmoja". Bango linahesabu aliye jukwaani tu. Nyuma yake yupo fundi anayeendesha taa na sauti, na yupo msimamizi wa jukwaa ambaye mara nyingi ndiye dereva pia. Mkisema mtalipia chakula na malazi ya mmoja, mnachoagiza ni mwigizaji apande ngazi kufunga taa mchana, kisha jioni asimame dakika 60 akizungumza bila mtu wa kumpokea sentensi. Sauti yake haitafika mwisho wa juma.

Sasa fomu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee, zilizopitishwa mwaka 1991, zimegawanywa katika mafungu matano. Fungu la kwanza ni kujitegemea, la pili ni kushiriki. Halafu fomu ya tiketi ya onyesho la wazee inauliza "jina la mlezi" kabla hata ya jina la mtazamaji! Mtu wa miaka 74 anayejipikia, anayejifulia na kujilipia bili zake akikutana na swali hilo, ameshaambiwa igizo linamhusu nani. Liondoeni. Wekeni badala yake: "Je, utakuja na mtu wa kukusaidia?" Tiketi ya msaidizi iwe bure, lakini aiombe mzee mwenyewe. Na iwepo namba ya simu inayopokelewa na binadamu, kwa sababu tiketi zikiwa mtandaoni peke yake, anayeamua mzee aende au asiende ni mjukuu mwenye simu.

Wataalamu wa afya wana njia zao za kupima kujitegemea. Orodha ya daktari Katz, ya mwaka 1963, ina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuweza kuzuia haja, na kula. Watafiti Lawton na Brody mwaka 1969 walipendekeza mengine manane, yakiwemo kutumia simu, kununua mahitaji, kupanga dawa na kushika fedha zako. Tunayataja kwa sababu igizo zuri la uzee linaishi humo. Mhusika hasimami kutangaza kwamba amezeeka. Anatafuta funguo ambazo tayari anazo mkononi. Anahesabu vidonge vya Jumanne mara mbili, halafu anaangalia kalenda. Hayo ni matendo ya kiganja na sauti ya chini, na ukumbi usiomwezesha mtazamaji kuona kiganja na kusikia sauti ya chini umelifuta igizo lote, hata kama viti vyote vimejaa.

Kwenye kusikia ndiko kosa lilikozoeleka kuliko yote. Usikivu wa uzeeni hupungua kwanza upande wa sauti nyembamba. Irabu zinabaki, konsonanti zinapotea: s, f, sh, t, k, p. Ndiyo maana mzee husema "nakusikia, ila sikupati". Mwigizaji anasema "nimeshika", mzee anapata "nimefika", na kuanzia hapo hadithi mbili zinaendelea ndani ya ukumbi mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza katika maisha ya kila siku. Katika ukumbi wa wazee 80, hao ni 20 na ushei.

Jibu linalotolewa huwa ni kuongeza sauti ya spika. Si dawa. Sikio lilelile lisilonasa sauti ndogo huumizwa upesi na sauti kubwa, kwa hiyo mnachoongeza ni maumivu, konsonanti bado hazipo. Kinachosaidia ni ukaribu, uso unaoonekana na ukimya. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja kutoka kinywani hupungua desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Aliye mita 8 anapata pungufu ya desibeli 12 kuliko aliye mita 2. Halafu safu tatu za mbele mnazifunga utepe kwa ajili ya wageni waalikwa, ambao nusu yao huondoka baada ya hotuba. Wageni wakae nyuma. Wana masikio mazima.

Kabla ya kutuita, simameni katikati ya ukumbi ukiwa mtupu mpige kofi moja kali. Sauti ikikatika upesi, sawa. Mkia wake ukiendelea kwa zaidi ya sekunde moja na nusu, maneno yatamezana, na mtahitaji mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma na zulia mbele ya jukwaa. Watu wakijaa wataunyonya mwangwi kidogo, lakini msiwategemee wao tu. Zimeni feni zinazonguruma, au ziwasheni kabla ya onyesho ukumbi upoe, kisha zizimwe mwigizaji anapoingia. Muziki chini ya maneno, ambao vijana huupenda, kwa mzee ni ukuta. Huo tunautoa sisi wenyewe.

Kumbi nyingine zina lupu ya kusikilizia: waya uliozungushwa sakafuni unaopeleka sauti moja kwa moja kwenye vifaa vya kusaidia kusikia vyenye swichi ya T. Ni kitu kizuri sana kikiwa kinafanya kazi. Kibandiko mlangoni kinaweza kusema lupu ipo, ilhali mashine yake imechomolewa kwenye soketi ili mtu achaji simu. Au maikrofoni yake inaning'inia darini, mita nne kutoka kinywa cha mwigizaji, kwa hiyo inachokusanya ni kikohozi na mikwaruzo ya viti. Au nyaya za taa zimepita juu ya waya wa lupu, na anayesikiliza anapata mngurumo wa umeme mwanzo hadi mwisho. Ijaribuni siku moja kabla, na anayejaribu awe mtu anayetumia kifaa hicho kweli. Fundi mwenye masikio mazima hawezi kuwajibia.

Taa nayo ina hesabu yake. Jicho la miaka 60 hupokea takribani theluthi ya mwanga unaopokelewa na jicho la miaka 20, na lenzi yake inazidi kuwa ya manjano, ikichuja rangi ya buluu. Sasa, mbuni wa taa akitaka usiku huweka buluu. Kijana anaona usiku mzuri wa mbalamwezi. Mzee anaona giza. Kwa hiyo tukija tutawaomba taa nyeupe au za rangi ya kaharabu upande wa mbele, mbili zikipiga kwa mshazari ili uso na midomo ionekane. Tusipozikuta tutafungua madirisha kabla ya kukubali buluu. Giza la ghafla hatulitumii kabisa kwenye maonyesho haya, maana jicho la uzeeni huchelewa kuzoea giza, na aliyekuwa ameinuka kwenda msalani anabaki katikati ya ngazi bila kujua hatua iko wapi. Kingo za ngazi zibandikwe mkanda mweupe au wa manjano wenye upana wa sentimita 5, ukingoni kabisa, kila hatua. Mkibandika hatua ya kwanza na ya mwisho tu, ya katikati ndiyo itakayomwangusha mtu.

Mlango tumeuweka kwenye kichwa cha barua kwa sababu jibu tunalopewa ni "upo mpana". Upana unapimwa mlango ukiwa wazi, kutoka uso wa ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili; fremu kwa fremu inawadanganya kwa sentimita kadhaa. Tunataka 80 au zaidi. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe wa moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko ni mita 5.4. Ubao wa mita 2 mliouegesha pale ni wa kupandishia spika, si watu. Na ule mteremko halisi, ikiwa uko mlango wa nyuma karibu na mapipa ya taka na ufunguo anao mlinzi aliyekwenda kula, basi andikeni kwamba hamna mteremko. Tutapanga vingine, ila hatutadanganyika.

Viti vya plastiki visivyo na mikono havifai. Tazameni mtu mwenye magoti mabovu akiinuka: anasogea ukingoni, anarudisha nyayo nyuma ya magoti, anainamisha kifua mbele, kisha anasukuma kwa mikono yote miwili. Kiti kisicho na mikono kinamnyang'anya hatua ya mwisho, na sofa la kuzama linamnyang'anya ya kwanza. Kimo cha kukalia kiwe kati ya sentimita 45 na 48. Kama viti vya mikono mnavyo 20 tu, viwekeni pembezoni mwa njia, si mbele katikati kwa ajili ya picha. Nafasi za viti vya magurudumu ziwe sentimita 90 kwa 140 kila moja, na kando yake kiti cha kawaida ili mke na mume wakae pamoja. Zitawanyeni ukumbini. Kuwarundika wote mlangoni "ili iwe rahisi kutoka" ni kuwaambia mnasubiri watoke.

Vyoo tuvifanyie hesabu ya wazi. Mapumziko ya dakika 20, vyoo viwili, kila mtu dakika 3: wanahudumiwa watu 12. Ukumbi una 80, na baadhi yao wanatumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo. Matokeo yake kipindi cha pili kinaanza na foleni ukutani, au watu wanaacha kunywa maji tangu asubuhi ili wasiaibike, na hilo ni hatari kuliko aibu yenyewe. Ndiyo maana igizo letu halizidi dakika 60 na halina mapumziko, vyoo vinafunguliwa dakika 45 kabla, na mtu yeyote anaruhusiwa kutoka na kurudi wakati wowote bila kuombewa ruhusa. Wafundisheni wahudumu wenu jambo moja: anayeinuka asiulizwe kwa sauti anakwenda wapi.

Saa ya kuanza iwe saa nane au saa tisa mchana. Igizo la saa mbili usiku linamrudisha mzee njiani gizani, na kuendesha gari au kushuka kwenye basi usiku ni miongoni mwa mambo ambayo watu huyaacha mapema uzeeni. Mkiwa na benchi kila mita 50 hivi kati ya kituo cha basi na ukumbi, watakuja wengi ambao sasa hamuwaoni, na hawataomba kubebwa. Kuhusu saa, tafadhali: tunapoandika "tunahitaji ukumbi kwa saa nne kabla ya onyesho" tunamaanisha urefu wa muda, si saa nne asubuhi. Onyesho likiwa saa nane mchana milango yetu ifunguliwe saa nne asubuhi, kweli, lakini likiwa saa tisa ni saa tano. Neno "kwa" katika sentensi hiyo lina kazi.

Hizo saa nne si anasa. Moja ni ya kushusha mizigo na kutandika sakafu, moja na nusu ya kufunga na kuelekeza taa, nusu ya sauti, na iliyobaki mwigizaji apite jukwaani, ale, anyamaze. Umeme tunautaka kwenye saketi yake peke yake. Taa kumi za LED za wati 100 ni kilowati 1 tu, hazina shida. Lakini mkituwekea taa za zamani za halojeni, za wati 1000 moja moja, tatu tu zinafika kilowati 3, na soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inaishia hapohapo. Mtu akiwasha birika la umeme jikoni kwenye saketi ileile, swichi inakata na mhusika wetu anabaki gizani kabla hajafungua barua ya daktari.

Mkitupeleka kwenye makao ya wazee badala ya ukumbi, mambo yanabadilika. Hapo tunacheza dakika 45, kwa watu 20 hadi 30, kwenye eneo la mita 4 kwa 4. Mwigizaji huelekezwa dirishani, dirisha lisiwe mgongoni kwake, la sivyo watazamaji wataona kivuli chenye sauti. Televisheni izimwe, kuitoa sauti tu hakutoshi, picha inavuta macho. Chumba cha kulia chakula mara nyingi kina friji inayowaka na kuzima yenyewe, na huwaka kwenye ukimya muhimu kuliko wote, tumeshakubaliana nalo. Kwa wenye ugonjwa wa kusahau, taa za watazamaji zibaki zimewashwa nusu, milango ibaki wazi, na hakuna mlio wa ghafla. Mtu akimjibu mhusika kwa sauti, mwigizaji atampokea, msimnyamazishe. Na wahudumu wabaki chumbani. Onyesho si zamu ya mapumziko yao, kwa sababu ni wao watakaoulizwa kesho yake kuhusu kilichosemwa.

Kuna jambo la kamati za kukagua miswada. Mkitazama mazoezi mnamwomba mwigizaji ainame zaidi, atetemeke zaidi, ashike mkongojo. Mkongojo una kanuni zake. Mpini wake hufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia. Hushikwa upande wa pili wa mguu mbovu, na husogea mbele pamoja na mguu huo. Mwigizaji akiushika upande wa mguu mbovu kwa kuwa ndivyo inavyopendeza kwenye picha, wazee ukumbini watajua kabla hajafika katikati ya jukwaa, na baada ya hapo hawatamwamini kwa lolote. Tetemeko la kuigizwa wanalijua pia. Kwa hiyo tunaomba kamati itoe maoni juu ya usalama na lugha, mgongo wa mhusika mtuachie. Wala msituombe tuongeze mwishoni ushauri wa kuzuia kuanguka. Ushauri huo ni wa maana, una mahali pake, na mwenye kuutoa ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, siku nyingine.

Mazungumzo baada ya onyesho yawe ya dakika 25, viti vikizungushwa nusu duara, na anayeongoza arudie kila swali kwenye maikrofoni kabla halijajibiwa. Swali la mzee lijibiwe kwa mzee, si kwa binti yake aliyekaa pembeni. Hotuba za ufunguzi, kama hazikwepeki, zimalizike kwa dakika tano. Jungu kuu na ukoko wake wazee walishausikia, nao ndio jungu lenyewe, na wamekalia viti vigumu.

Hapa kuna zito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili wa aina fulani katika mwaka mmoja, ndani ya jamii wanamoishi. Igizo linaloonyesha mtu akinyang'anywa kadi ya benki "kwa wema wake" litamfanya mtazamaji fulani anyamaze sana, au aongee sana, au amfuate mwigizaji nyuma ya pazia. Mwigizaji hana ujuzi wa kulipokea hilo wala kesho yake hayupo. Kabla ya kutia saini tunataka tuambiwe ni afisa gani wa ustawi wa jamii atakuwemo ukumbini mwanzo hadi mwisho, na ni chumba kipi chenye mlango unaofungwa atakachokitumia. Bila hivyo hatuji.

Kuhusu malipo tutakuwa wafupi. Kiasi kiwe cha kukubaliana, si mgawo wa mlangoni, kwa kuwa watazamaji hawa wengi wanaingia bure au kwa punguzo na ni haki yao. Nusu ilipwe kabla gari halijaondoka. Maonyesho mawili kwa siku yanawezekana yakiachana kwa saa tatu, matatu hayawezekani kwa fedha yoyote. Mwigizaji akiugua hakuna wa kumbadili, kwa hiyo mkataba uwe na tarehe ya akiba iliyoandikwa tangu mwanzo, na wazee waarifiwe kwa simu, si kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango waliokwisha kuufikia.

Mkiwa tayari, tutumieni kwanza upana wa mlango, idadi ya ngazi na kimo cha kila moja, picha ya choo ikionyesha vyuma vya kushikia pande zote mbili, na jina la mtu mwenye ufunguo wa mteremko. Tarehe tutapanga tukishaviona.

Ni sisi,
waigizaji, mafundi wa jukwaa na waratibu wa ziara